Upepo wa Jua km 690 kwa sekunde, na rova inayokataa fiksi kila ifikapo saa mbili usiku

*Swali la msomaji:* "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi kwenye kikosi cha upimaji, tunapima njia ya barabara upande wa Nala, Dodoma. Tunaanza saa 10 jioni kukwepa jua na magari, tunamaliza usiku. Mwishoni mwa Machi, siku tatu mfululizo, rova ilishika fiksi vizuri mpaka saa 1:45 usiku, kisha ikawa floti. Inarudi dakika kumi, inapotea tena, hivyo hivyo mpaka karibu saa 5. Besi iko kilomita 14. Programu ya simu ilionyesha kasi ya upepo wa Jua ni km 690 kwa sekunde, kwa rangi nyekundu, na Bz -4. Mwenzangu anasema ni dhoruba ya Jua, msimamizi anasema ni mawingu ya mvua. Hizo namba zinapimwaje huko juu? Naweza kuzitumia kupanga kazi? Tununue risiva mpya? Na upepo huo hautudhuru sisi tulio nje?"

Marahaba. Kwa msomaji mgeni: rova ni risiva ya GPS inayotembezwa, besi ni ile inayokaa mahali pamoja na kuitumia rova masahihisho, fiksi ni hali ya usahihi wa sentimita, na floti ni hali ambayo usahihi huo umepotea. Maswali ni manne, ila naona kinachokukera ni kimoja: kazi inalala, kila mtu kikosini ana mshtakiwa wake, na mwenye rova mkononi ni wewe. Mwenzako amepatia mtaa lakini amegonga nyumba isiyo yake. Kwa dalili ulizotoa, tatizo liko juu, si kwenye mawingu na pengine si kwenye kifaa. Ila halikuletwa na ile 690. Hata kama upepo wa Jua ungekuwa mtulivu kabisa, km 350 kwa sekunde, kuna uwezekano mkubwa rova yako ingegoma vilevile, na saa ileile.

Mawingu tuyamalize haraka. Mawimbi ya GPS yana urefu wa sentimita 19 kwenye masafa ya L1 na sentimita 24 kwenye L2, na hupita ndani ya wingu na mvua karibu bila kujali. Radi ni sababu nzuri ya kukunja nguzo ya rova na kuingia garini, lakini hiyo ni kwa ajili ya roho zenu. Wingu haliji saa 1:45 usiku siku tatu mfululizo na kuondoka saa 5. Mawingu ya Dodoma hayana nidhamu hiyo.

Jina "upepo wa Jua" nalo linapotosha, hasa kwa mtu anayeishi Dodoma na anaujua upepo wa kujaza vumbi machoni. Huu ni mtiririko wa plazma: protoni, elektroni na heli kidogo, vinavyotoka kwenye tabaka la nje la Jua bila kukoma. Kasi ni kubwa, kwa kawaida km 300 hadi 800 kwa sekunde, lakini chembe ni chache mno. Karibu na Dunia utakuta protoni kama 5 tu katika sentimita moja ya ujazo. Piga hesabu ya msukumo wake kwa km 400 kwa sekunde, unapata kama 1.3 ya bilioni moja ya paskali. Hewa unayovuta hapo Nala, mita zaidi ya 1,000 juu ya bahari, inakusukuma kwa paskali karibu 89,000. Upepo wa Jua usingeinua hata punje moja ya vumbi, na wala haufiki ardhini, maana sumaku ya Dunia huupindisha ukiwa bado makumi ya maelfu ya kilomita kutoka hapa na angahewa humaliza kinachobaki. Kwa hiyo afya yenu iko salama. Wanaohangaikia jambo hilo ni wanaanga, na kwa kiasi fulani ndege zinazokatiza karibu na ncha za Dunia.

Sasa, kitu chembamba hivyo kinapimwaje? Hakuna vikombe vinavyozunguka kama kwenye kituo cha hali ya hewa, ingawa kuna kifaa kiitwacho kikombe. Kikombe cha Faraday ni kopo la chuma lenye mdomo unaolitazama Jua. Ndani, kabla ya kufika kitakoni, kuna nyavu nyembamba za waya, na mmoja wa nyavu hizo hupewa volti chanya. Protoni nayo ina chaji chanya, hivyo wavu unaisukuma irudi. Yenye nishati ya kutosha hupenya, hugonga bamba la kitako, na kila inayogonga huongeza chembe ya mkondo wa umeme.

Protoni ya km 400 kwa sekunde huzuiwa na volti 835 hivi. Ya km 800 haizuiwi na volti mara mbili ya hizo, inataka mara nne, volti kama 3,340, kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa kasi. Basi kifaa hupandisha volti ngazi kwa ngazi na kuangalia mkondo unakatika kwenye ngazi ipi. Ngazi hiyo ndiyo kasi. Mkondo ulioshuka ni mwingi kiasi gani? Hiyo inakupa idadi ya chembe. Umeshuka ghafla kama ukingo wa meza au taratibu kama mteremko? Hiyo ni joto lake, kwa sababu katika plazma ya moto protoni hazikubaliani kasi. Na kwenye volti mara mbili ya ile ya protoni kuna mshuko wa pili, mdogo: hiyo ni heli, inayosafiri kwa karibu kasi ileile ikiwa na uzito mara nne na chaji mara mbili.

Ugumu uko kwenye udogo wa mkondo. Kwa upepo wa kawaida ni pikoampia 30 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Taa ndogo ya rimoti ya televisheni hula mara mamilioni mia tatu ya hapo. Na Jua lenyewe, kwa mwanga wake tu, hung'oa elektroni kwenye chuma na kuzaa mkondo mkubwa kuliko unaotafutwa. Dawa yake ni ya werevu. Volti ya wavu hutikiswa kwa mdundo maalumu mamia ya mara kwa sekunde, na kikuza ishara cha umeme husikiliza mdundo huo peke yake. Mwanga hautikisiki, basi mchango wake unaachwa nje.

Vyombo vingine hutumia njia tofauti: bamba mbili zilizopinda, zenye uwazi mwembamba kati yake na volti kati ya moja na nyingine. Chembe yenye nishati sahihi hufuata kona na kutoka upande wa pili, nyingine zote hugonga ukuta. Zinazotoka huhesabiwa moja moja. Chombo cha Marekani kiitwacho ACE, kilichorushwa Agosti 1997, hupima hivyo. Ubora wake ni kwamba huona hata chembe chache. Udhaifu wake ulionekana Oktoba 2003, katika dhoruba kubwa za mwisho wa mwezi ule. Protoni zenye nishati kali zilizotangulia zilipenya kuta za kifaa na kukijaza hesabu za uongo, upimaji wa kawaida ukavurugika saa ambayo watu waliuhitaji zaidi. Baadaye, kwa kutumia vipimo vilivyochukuliwa kwa utaratibu mwingine wa polepole, ilionekana kasi ilikuwa imepita km 1,800 kwa sekunde. Kamera za SOHO, chombo cha kulitazama Jua kilichorushwa 1995, hupatwa na jambo hilohilo: picha ya Jua hujaa madoa meupe kama televisheni ya zamani isiyo na antena. Hilo likumbuke kwa kazi yako: mstari unapokatika kwenye programu ya simu, au namba inaposomeka -999.9 au -9999.9, upepo haujasimama. Hiyo ni alama ya kwamba hakuna kipimo.

Kifaa cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote kwako, na ndicho watu wengi hawakitazami: magnetometa. Upepo wa Jua hubeba uga wa sumaku kutoka kwenye Jua, nanotesla 5 hivi. Sumaku ya Dunia hapo ulipo ni nanotesla elfu thelathini na kitu, na kisumaku cha kubandika kwenye friji ni mamilioni. Kupima 5 ukiwa umezungukwa na nyaya, betri na mota za chombo chenyewe ni sawa na kusikiliza mbu ndani ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo kipimo hufungwa kwenye mkono mrefu unaonyooshwa baada ya kurushwa, mara nyingi vipimo viwili kwa umbali tofauti, ili kelele ya chombo ijulikane na kutolewa. Ndani yake kuna kiini cha chuma laini kinachojazwa sumaku mbele na nyuma na mkondo wa kubadilika. Pasipo uga wa nje, pande mbili hulingana. Ukiwepo, upande mmoja huwahi kujaa, na tofauti hiyo hutokea kama ishara yenye mdundo mara mbili ya ule wa mkondo. Kosa la nanotesla moja tu lingetosha kupotosha, hivyo chombo huzungushwa ili kipimo kitazame uga uleule kwa pande zote. Kisichogeuka wakati chombo kinageuka ni cha chombo, hicho hutolewa. ACE huzunguka mara 5 kwa dakika, hivyo sehemu kubwa ya usahihisho huo hupatikana yenyewe.

Vyombo hivi havizunguki Dunia. Viko kwenye nukta ya L1 (jina tu limefanana na masafa ya L1 ya GPS), kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea Jua, ambako mvuto wa Jua na wa Dunia unakiruhusu chombo kwenda sambamba nasi mwaka mzima. Haviketi kwenye nukta yenyewe, vinaizunguka kwa mbali, la sivyo antena ya Duniani ikivitazama ingelitazama Jua moja kwa moja na kusikia kelele yake tu. Mbali na ACE kuna DSCOVR ya mwaka 2015, Aditya-L1 ya India iliyofika Januari 2024, na SWFO-L1 iliyorushwa Septemba 2025 kwa kazi hii ya ulinzi. Wingi huo si anasa: DSCOVR ililala kati ya Juni 2019 na Machi 2020 kwa hitilafu ya mfumo wa kujielekeza, na ACE kikongwe ndicho kikashika zamu.

Sasa soma namba zako upya. Kwa kasi ya 690, kutoka L1 hadi Dunia ni dakika 36. Kwa 400 ni saa nzima na dakika kidogo. Huo ndio muda wote wa onyo unaopatikana kwa vipimo hivi, hakuna zaidi. Na rangi nyekundu ya 690 inakuambia kasi tu. Kinachofungua mlango wa sumaku ya Dunia ni Bz, yaani sehemu ya uga wa upepo inayoelekea kaskazini au kusini. Sumaku ya Dunia upande unaotazama Jua huelekea kaskazini. Bz ikiwa hasi, yaani kusini, nyuga mbili zinapingana, mistari yake hukatika na kuungana upya, na nishati ya upepo huingia. Bz ikiwa chanya mlango umefungwa, hata upepo uje kwa kishindo gani.

Namna rahisi ya kupima uzito wa tukio ni kuzidisha kasi kwa Bz hasi. Yako: 690 mara 4, inatoa milivolti 2.8 hivi kwa mita. Upepo wa taratibu wa 400 wenye Bz -20 hutoa 8, karibu mara tatu, na programu ya simu isingeuwekea kasi yake rangi yoyote ya kutisha. Tarehe 10 Mei 2024 kasi ilikuwa zaidi ya 700, si mbali sana na yako, lakini Bz ilizama chini ya -30. Hiyo ndiyo dhoruba iliyofika daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo tangu 2003, na wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na RTK (upimaji wa GPS wa besi na rova, kama wenu) walilazimika kusimama. Upepo wa 690 wenye Bz ya kuyumba kati ya +5 na -5 ni kitu cha kawaida. Hutoka kwenye mashimo ya korona, sehemu za Jua ambako uga uko wazi, na hurudi kila siku 27 hivi kadiri Jua linavyozunguka. Ukitaka kuuhukumu kwa haki, hesabu siku 27 kwenye daftari lako la kazi mbele na nyuma. Kama ndio mwizi, shida itakuja na kuondoka kwa ratiba hiyo. Mimi nadhani utakuta shida ipo jioni nyingi za Machi na Aprili bila kujali namba.

Maana kilichokupata kina asili yake hapahapa, juu ya vichwa vyetu. Mionzi ya Jua huvunja chembe za hewa kati ya kilomita 80 na mamia kadhaa juu na kutengeneza ayonosfia. Ikweta ya sumaku haifuati ile ya ramani. Huku Afrika Mashariki hupita juu ya Ethiopia, nyuzi 9 hadi 10 kaskazini. Mchana plazma ya hapo hunyanyuliwa, kisha hutelemka kwa kufuata mistari ya sumaku kaskazini na kusini, mfano wa maji ya chemchemi, na kurundikana kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Dodoma iko nyuzi 6 kusini. Piga hesabu utaona: mko chini ya kilima cha kusini cha rundo hilo. Kwa mpimaji wa GPS ni moja ya sehemu ngumu duniani, na hilo halikosi kunishangaza, kwamba mji mkuu wenye viwanja vingi vya kupimwa umekaa chini ya anga korofi kiasi hicho.

Jua likizama, tabaka la chini la ayonosfia hufifia haraka lakini la juu hubaki, tena husukumwa juu zaidi. Plazma nzito inakuwa imekaa juu ya utupu. Ni kama maji juu ya mafuta: hayatulii. Mapovu matupu huanza chini na kupanda, huku yakijinyoosha kufuata mistari ya sumaku kuelekea kusini na kaskazini. Ili mguu wa povu ufike Dodoma, kichwa chake sharti kipande kilomita 900 na zaidi juu ya ikweta ya sumaku. Ndiyo maana si kila jioni, na ndiyo maana miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba ina mengi zaidi, hasa miaka Jua linapokuwa kwenye kilele. Huanza kama saa moja hivi baada ya machweo na kwa kawaida humalizika kabla au karibu na saa 6 usiku. Saa 1:45 mpaka saa 5, ulisema? Ni kama umeyaita kwa jina.

Kingo za mapovu zimekwaruzika, na mikwaruzo ya ukubwa wa mita 400 hivi ndiyo huyumbisha zaidi mawimbi ya L1. Mawimbi humetameta kama nyota: nguvu hupanda na kushuka ndani ya sekunde. RTK inategemea kuhesabu mawimbi bila kukosa hata moja; ishara ikizama kwa nusu sekunde risiva hupoteza hesabu, na ikipoteza kwa setilaiti kadhaa pamoja, fiksi inakuwa floti. Mapovu husafiri kuelekea mashariki kwa mita 100 hivi kwa sekunde, hivyo moja likipita unapata dakika zako kumi za fiksi kabla ya lingine.

Dhoruba ya kweli ya Jua inaweza kuyachochea mapovu haya au kuyazuia kabisa usiku mzima, kulingana na saa inapogonga. Ndiyo maana namba za L1 peke yake hazikupangii jioni. Hata Kp, kipimo maarufu cha msukosuko wa sumaku ya Dunia, hutengenezwa na vituo 13 vilivyo mbali na ikweta. Kilicho karibu na hali yetu zaidi ni Dst, kipimo kingine cha msukosuko huo, kinachotokana na vituo vinne vya latitudo za chini, kimoja kikiwa Hermanus, Afrika Kusini. Hukohuko Hermanus kuna kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kinachotoa taarifa za hali ya anga za juu kwa bara letu saa 24.

Kabla ya kuniamini, jaribu. Fiksi ikipotea, kitu cha kwanza fungua kwenye kontrola, yaani kompyuta ya mkononi ya rova, ukurasa wa masahihisho na utazame umri wake. Ukiwa sekunde 1 au 2, redio na mtandao ni vizima na shida iko angani. Ukipanda kwenda 10, 20, 60, acha kutazama Jua. Angalia antena ya redio ya besi, betri yake, au salio la laini ya simu. Usicheke, laini iliyokwisha bando imesingiziwa dhoruba mara nyingi. Pili, fungua orodha ya setilaiti utazame nguvu ya ishara. Kawaida ni desibeli 40 hadi 50 na hutulia. Ukiona kadhaa zinaruka desibeli 10 au zaidi ndani ya sekunde chache huku zilizo upande mwingine wa anga zimetulia, hayo ni mapovu. Zitazame hasa za upande wa kaskazini. Ikiwa zote zimeshuka pamoja na kubaki chini, fikiria kebo, antena, au mtambo wa mawasiliano ulio jirani. Tatu, weka rova juu ya nukta inayojulikana saa 3 asubuhi na irudie saa 2 usiku. Ikikubali asubuhi na kugoma usiku, kifaa pengine si mkosaji.

Kuhusu nini cha kufanya, hatua yenye faida kubwa kuliko zote haina gharama: katika miezi ile minne, kazi zote za fiksi zimalizike kabla ya saa 1 usiku, au zianze alfajiri. Usiku wabakie wanaotumia totali stesheni, kifaa kinachopima kwa darubini na mwale wa mwanga, ambayo haina habari na ayonosfia. Sogeza pia besi; kilomita 14 ni nyingi kwa anga la Dodoma, hasa kati ya saa 8 na saa 10 alasiri ambapo rundo la plazma ni kubwa na halilingani kutoka sehemu hadi sehemu. Chini ya kilomita 5 utaona fiksi inakuja haraka mchana. Lakini nisikudanganye: besi ya karibu haitibu kumetameta kwa usiku, kwa sababu huko ishara yenyewe inakatika.

Kwenye mipangilio, washa mifumo yote minne ya setilaiti, GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, na masafa ya L5 kama risiva inayo. Kinga ya pembe, inayoacha setilaiti zilizo chini mno karibu na upeo wa macho, iweke nyuzi 10 hadi 15. Ukipandisha hadi 25 kwa kudhani unaondoa setilaiti mbaya, unabakiwa na chache mno na fiksi inazidi kuwa ngumu. Kama lazima upime usiku, rekodi data ghafi kwenye besi na rova kila sekunde moja, ukae muda mrefu kwenye nukta, kisha uchakate ofisini ambako unaweza kuziacha setilaiti zilizoathirika.

Risiva mpya? Kama mliyonayo inasoma GPS na GLONASS tu kwa L1 na L2 ya zamani, ndiyo, ya kisasa itawapa setilaiti mara mbili au zaidi na mapovu yakichukua tano bado unabaki na za kutosha. Kama tayari inasoma mifumo minne, ningeshika fedha. Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kuwa Jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, na kadiri linavyoshuka mapovu nayo yatapungua.

Namba za simu usizitupe, zitumie kwa kiasi chake. Bz ikikaa chini ya -10 kwa saa mbili au zaidi, tarajia hali isiyo ya kawaida saa chache zijazo, hata mchana. Na kuna tahadhari isiyotoka L1 kabisa: milipuko ya Jua inayopimwa kwa mionzi ya X na setilaiti za GOES, daraja R1 hadi R5. Athari yake hufika kwa dakika 8 pamoja na mwanga, upande wa mchana tu, na husumbua zaidi redio za masafa mafupi. Mara chache kelele ya redio ya Jua hufunika GPS yenyewe, kama ilivyotokea tarehe 6 Desemba 2006. Saa kwenye grafu hizo ni za UTC. Kwa saa yetu ya Kiswahili toa 3. UTC 17 inakuwa 14, yaani saa 2 usiku.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Fiksi ikikataa saa 3 asubuhi, uwanja wazi, besi kilomita moja, peleka risiva kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji, pamoja na kebo na antena, si kichwa peke yake. Mkiwa na rekodi za usiku kadhaa, fika na faili zenu kwa walimu wa fizikia pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma; data ya risiva inayometameta ni mali kwa mtafiti, hawatawafukuza. Na suala la nukta mlizokwisha kuzichukua halisubiri: mpelekee mpimaji mwenye leseni anayesaini kazi yenu. Usiku wa mapovu, floti si hatari kubwa, kwa kuwa inajitangaza. Hatari ni fiksi ya uongo, risiva inayokisia idadi ya mawimbi vibaya na kukuonyesha sentimita mbili huku imekosea desimita kadhaa. Kila nukta ya siku zile tatu iliyochukuliwa baada ya saa 1:45 usiku irudiwe asubuhi, mara mbili, ukizima na kuanzisha fiksi upya katikati. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 3, ya usiku ifutwe, hata kama mchoro umeshatoka.